Kujifunza gitaa la jazz kwa magwiji: mwongozo kwa anayepiga tayari

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye gitaa halimpi tabu tena katika mambo ya kawaida. Unapiga kanisani au kwenye bendi, kodi huzitafuti kwa macho, skeli mbili tatu unazo, na wimbo wa rumba au wa injili unaushika kabla haujaisha. Lakini ukiweka rekodi ya Wes Montgomery, gwiji wa gitaa la jazz, hujui anatoka wapi wala anaelekea wapi. Umefuata video za mtandaoni, umejaza simu michoro ya skeli, vidole vimeongeza kasi, na bado unachopiga hakina ladha ya jazz.

Kwa wengi ninaowaona wamekwama hapo, nadharia wanayo ya kutosha. Hawajawahi kukaa na gwiji mmoja kwa muda mrefu mpaka namna yake ya kusema ikawaingia. Wes mwenyewe, mzaliwa wa Indianapolis wa mwaka 1923, alilivalia njuga gitaa akiwa na umri wa karibu miaka 20, tayari ameoa, baada ya kusikia "Solo Flight" ya mpiga gitaa Charlie Christian. Mwalimu hakuwa naye. Alizikopi solo za Christian kutoka kwenye santuri, nota kwa nota, akapata kazi kwenye klabu ya mjini kwao akizipiga hizo hizo, maana nyingine hakuwa nazo. Mchana alishinda kiwandani, usiku alipiga. Januari 1960, akiwa na miaka 36, aliingia studio New York na kurekodi albamu ambayo wapiga gitaa wa jazz wanaisoma hadi leo. Njia aliyopita ndiyo ninayoieleza hapa, na inawezekana kuipita ukiwa Mwanza, Mombasa au Bujumbura, mradi una simu na subira.

Kabla ya kuanza

Gitaa kubwa lenye tumbo wazi, lile unaloliona kwenye picha za magwiji, si lazima. Ed Bickert wa Toronto alipiga jazz tulivu kuliko wengi, na alijulikana kwa Fender Telecaster, gitaa la mbao nzito lisilo na uwazi. Ukiwa na gitaa la umeme, tumia pikapu ya karibu na shingo na punguza kitufe cha toni mpaka ukali uishe. Ukiwa na gitaa kavu, anza nalo.

Tafuta earphone zinazotoa besi vizuri, programu ya simu inayopunguza kasi ya wimbo bila kushusha sauti yake, metronomu, na daftari. Na kama umeimba kwaya ukajifunza solfa, ya do, re, mi, itakusaidia kuliko unavyodhani. Nitaieleza mbele.

Hatua ya 1: Chagua mtu mmoja, rekodi moja

Kosa linalokula miaka ya watu ni kuonja. Leo Joe Pass, kesho George Benson, Jumapili kijana wa New York mwenye kasi ya ajabu, na mwisho wa mwaka hakuna hata solo moja unayoweza kuipiga kuanzia mwanzo hadi mwisho. Chagua mtu mmoja, ukae naye miezi.

Ningekushauri uanze na Grant Green. Alizaliwa St. Louis mwaka 1935, akafariki 1979, na katikati hapo alirekodi mno kwa kampuni ya Blue Note. Hapigi kodi nyingi katika solo zake. Anapiga nota moja moja, safi, kila moja ikiwa na mwanzo na mwisho unaosikika, kwa sababu aliwasikiliza zaidi wapuliza saksofoni kuliko wapiga gitaa. Albamu yake "Green Street" ya mwaka 1961 ina gitaa, besi na ngoma tu. Hakuna piano ya kukuzibia njia, kwa hiyo kila anachofanya kinasikika.

Chaguo la pili ni Kenny Burrell wa Detroit, hasa "Midnight Blue" ya mwaka 1963, kama moyo wako uko kwenye blues. La tatu ni Charlie Christian mwenyewe. Alijiunga na bendi ya Benny Goodman mwaka 1939, na Machi 1942 kifua kikuu kikamuua akiwa na miaka 25. Sauti ya rekodi zake ni ya kizamani, lakini solo zake ni fupi kwa sababu santuri za wakati ule zilibeba takriban dakika 3 kila upande, na solo fupi iliyokamilika ni zawadi kwa anayejifunza.

Wes mwache awe wa pili au wa tatu. Django Reinhardt na kasi yake, na Joe Pass anapopiga peke yake kama kwenye "Virtuoso" ya mwaka 1973, wasubiri. Kwenye "Virtuoso" besi, kodi na melodi vinatoka kwenye mikono miwili ya mtu mmoja, na sikio ambalo halijakomaa haliwezi kuvitenganisha.

Ukishapata mtu, chagua solo moja ya mwendo wa wastani, ikiwezekana ya blues ya vipimo 12, na uchukue mzunguko mmoja au miwili tu. Usichukue solo nzima.

Hatua ya 2: Imba kabla ya kushika gitaa

Hii ndiyo hatua ambayo watu wengi huiruka, na ndiyo inayotenganisha anayejifunza jazz na anayekariri vidole.

Sikiliza kipande chako ukiwa kwenye daladala, ukiwa unaosha vyombo, kabla ya kulala. Usiguse gitaa. Baada ya siku kadhaa utaanza kukitanguliza, yaani utajua nota inayokuja kabla haijaja. Hapo anza kuimba pamoja na rekodi. Mwanzoni utashika umbo tu, juu na chini. Endelea mpaka uimbe nota zenyewe, pamoja na pale anapochelewa kidogo, pale anapoimeza nota, pale anaponyamaza. Mwisho zima rekodi uimbe peke yako, huku ukipiga mguu.

Kuna sababu ya kusisitiza hivi. Ukitoa nota moja moja kwa gitaa, unapata orodha ya nota. Ukiimba kwanza, unapata sentensi, na sentensi ina pumzi. Mpiga piano Barry Harris, aliyefundisha New York kwa miongo mingi na kuendelea hata kwa njia ya mtandao karibu hadi alipofariki Desemba 2021, alifundisha kwa mdomo wake. Aliimba mstari, darasa likaurudisha, kisha kila mmoja akautafuta kwenye chombo chake. Video nyingi za madarasa yake zipo mtandaoni, na hata kama hushiki piano zitazame.

Kama unajua solfa, andika ulichoimba kwa solfa, si kwa namba za freti. Mtu wa kwaya aliyezoea kuhamisha do kutoka kii (ufunguo wa wimbo) moja hadi nyingine tayari ana kitu ambacho wapiga gitaa wengi hukisaka kwa shida, yaani kuijua nota kwa nafasi yake ndani ya kii badala ya kuijua kwa mahali ilipo kwenye mti wa gitaa. Utakapofika kwenye kii 12, kazi itakuwa nusu.

Pat Martino wa Philadelphia alifanyiwa upasuaji wa ubongo mwaka 1980 na akapoteza kumbukumbu kiasi cha kulazimika kujifunza upya gitaa alilokuwa bingwa wake. Rekodi zake mwenyewe za zamani zilimsaidia kurudi, na mwaka 1987 alikuwa tena jukwaani na kwenye rekodi. Kama rekodi ziliweza kumfundisha Martino kuwa Martino tena, hazishindwi kukufundisha wewe.

Hatua ya 3: Leta sauti kwenye gitaa

Sasa chukua gitaa. Fanya kazi kwa sentensi moja moja, yaani kuanzia mahali anapoanza mpaka anapovuta pumzi. Punguza kasi hadi asilimia 70 au hata 50 kama ni lazima, ila rudi kwenye kasi halisi mara kwa mara, maana ukiizoea solo iliyopunguzwa mwendo hisia yake hupotea.

Usitafute tabu, yaani solo zilizoandikwa kwa namba za freti, zilizotengenezwa na wengine. Nyingi zina makosa, na hata zilizo sahihi zinakunyima kazi yenyewe unayoihitaji.

Nota moja unaweza kuipata sehemu nne au tano za mti wa gitaa, na hapo ndipo ujanja wa gwiji ulipo. Jaribu sentensi ile ile sehemu mbili tatu tofauti, kisha sikiliza rekodi tena. Nota za uzi mwembamba hulia kwa ung'avu, za uzi mnene zaidi, juu kwenye mti, hulia kwa unene. Ukisikiliza kwa makini utajua aliipigia wapi.

Mkono wa kulia nao una somo lake. Wes hakutumia piki. Alipiga kwa kidole gumba, karibu kila pigo likishuka chini, kwa sababu akifanya mazoezi usiku alitaka sauti isiwasumbue watu. Kilichoanza kama adabu kwa majirani kikawa sauti yake, laini na nene. Grant Green alitumia piki. Usichanganye: ukimkopi Green, shika piki.

Halafu mwendo. Hapa mtu aliyekulia kwenye rumba, sebene au injili ana jambo la kurekebisha. Tumezoea kugawa pigo katikati, nusu mbili sawa kwa sawa. Katika swingi, mwendo wa jazz, nusu ya kwanza huwa ndefu kidogo na ya pili fupi, na mkazo mara nyingi huangukia ile fupi. Mwendo ukiwa wa kasi tofauti hiyo hupungua, ukiwa wa polepole huongezeka. Hakuna kanuni ya hesabu itakayokupa hilo, ila rekodi. Zoezi linalosaidia: wimbo ukiwa wa kasi ya 120, weka metronomu kwenye 60 na uisikie ikilia kwenye pigo la 2 na la 4, kama mpiga ngoma anavyobana hi-hati. Itakuyumbisha siku za mwanzo. Usiikimbie.

Hatua imekamilika ukiweza kupiga pamoja na rekodi, kwa kasi yake, mpaka gitaa lako lipotelee ndani ya lake. Kisha jirekodi kwa simu, ulinganishe.

Hatua ya 4: Uliza kwa nini

Hapa ndipo nadharia inapoingia, na inaingia ikiwa na kazi ya kufanya. Chukua kila sentensi uliyoikopi uandike juu yake kodi zinazopita chini. Kisha jiulize: nota gani imeangukia kwenye badiliko la kodi, na kwa nini imekaa vizuri?

Nikuonyeshe kwa karibu. Mwendo unaotawala jazz ni Dm7, G7, Cmaj7. Piga kodi hizi kwa nota tatu tu kila moja:

- Dm7: uzi wa 5 freti ya 5, uzi wa 4 freti ya 3, uzi wa 3 freti ya 5.
- G7: uzi wa 6 freti ya 3, uzi wa 4 freti ya 3, uzi wa 3 freti ya 4.
- Cmaj7: uzi wa 5 freti ya 3, uzi wa 4 freti ya 2, uzi wa 3 freti ya 4.

Sasa sahau besi, tazama nyuzi za 4 na 3 peke yake. Kutoka Dm7 kwenda G7, F inabaki palepale na C inashuka nusu toni kuwa B. Kutoka G7 kwenda Cmaj7, B inabaki na F inashuka nusu toni kuwa E. Kila badiliko, nota moja tu inasogea, na inasogea hatua ndogo kuliko zote. Sikio linafuata mteremko huo hata kama msikilizaji hajui jina la kodi yoyote.

Magwiji hujenga sentensi zao juu ya mteremko huo. Piga nota hizi kwa nusu mapigo: D, F, A, C, halafu B, A fleti, G, F, halafu utue kwenye E. Kwa solfa ni re, fa, la, do, ti, la iliyoshushwa nusu toni, so, fa, mi. Kwenye gitaa, D iko uzi wa 5 freti ya 5, F uzi huo huo freti ya 8, A uzi wa 4 freti ya 7, C uzi wa 3 freti ya 5. Kisha B freti ya 4 ya uzi huo wa 3, A fleti uzi wa 4 freti ya 6, G freti ya 5, F uzi wa 5 freti ya 8, E freti ya 7.

Nota nne za kwanza ni Dm7 yenyewe ikipanda. C inaangukia B pale hasa G7 inapoingia. F inaangukia E pale Cmaj7 inapofika. Na ile A fleti, ambayo haimo kwenye kii ya C kabisa, inatia uchungu kidogo kwenye G7 kabla ya kutua. B, D, F na A fleti pamoja ni kodi ya diminishi, na Charlie Christian aliipenda sana kuitandaza juu ya kodi za aina ya G7. Mtu akikuambia "hapa tumia skeli fulani", huenda yuko sahihi, lakini skeli haikuambii C ishuke B sekunde ipi. Solo uliyoikopi inakuambia.

Fanya uchambuzi huu kwa kila sentensi, kwa penseli, kwenye daftari. Utaona sentensi tatu nne zinajirudia kwa sura tofauti. Hizo ndizo msamiati wa huyo gwiji.

Hatua ya 5: Ifanye iwe yako

Chagua sentensi moja, ile iliyokugusa zaidi. Moja tu. Ipeleke kii zote 12 ukifuata mzunguko wa nne: C, F, B fleti, E fleti, A fleti, D fleti, G fleti, B, E, A, D, G. Imba kwanza, kisha piga. Usisogeze tu mkono ule ule juu ya freti, maana hapo gitaa linakufanyia kazi na sikio linalala. Kila kii itafute pia sehemu ya pili ya mti wa gitaa.

Kisha anza kuivunja. Ianze pigo moja baadaye. Iache ikiwa nusu, ujibu kwa kitu chako. Badili mwisho. Panua mwanzo. Ipige juu ya wimbo mwingine wenye mwendo ule ule wa kodi. Inapoanza kutoka yenyewe katikati ya solo bila kuiita, na huku haifanani kabisa na ya gwiji uliyemkopi, imekuwa yako.

Hatua ya 6: Kodi na kusindikiza

Mpiga gitaa wa jazz muda mwingi anamsindikiza mwingine, na asiyejua kusindikiza haitwi tena. Wa kwanza wa kumsikiliza ni Freddie Green, aliyekaa na bendi ya Count Basie kuanzia 1937 mpaka alipofariki 1987, akipiga gitaa lisilo na umeme, mapigo manne kwa kila kipimo, kwa kodi ndogo ambazo mara nyingine nota moja tu ndani yake ndiyo iliyosikika. Zile kodi za nota tatu za hatua ya 4 ni za familia hiyo.

Wa pili ni Jim Hall, aliyeishi 1930 hadi 2013. Msikilize kwenye "The Bridge" ya mpuliza saksofoni Sonny Rollins ya mwaka 1962, ambako hakuna piano na yeye ndiye anayebeba kodi zote, na kwenye "Undercurrent" ya mwaka huo huo, yeye na mpiga piano Bill Evans peke yao. Zingatia anapoacha kupiga. Waliotoka kwenye bendi ambako gitaa la ridhimu halinyamazi hata sekunde moja watapata shida na hili, na ni shida nzuri.

Wa tatu ni Barry Harris tena, kwa skeli yake ya nota nane: C, D, E, F, G, A fleti, A, B. Ndani yake kuna kodi mbili tu zinazopishana, C6 na B diminishi. Kwenye gitaa, banisha nyuzi nne za chini, za 4 hadi 1, zote freti ya 5. Hiyo ni C6. Sasa kila nota ipande hatua moja ya skeli hiyo: uzi wa 4 freti ya 6, wa 3 freti ya 7, wa 2 freti ya 6, wa 1 freti ya 7. Hiyo ni diminishi. Panda tena: uzi wa 4 freti ya 7, wa 3 freti ya 9, wa 2 freti ya 8, wa 1 freti ya 8. Umerudi C6, juu zaidi. Ukiendelea hivyo mpaka juu na kurudi, utakuwa na njia ya kutembeza kodi badala ya kusimama kwenye moja, na nota ya juu kabisa itakuwa inaimba melodi.

Hatua ya 7: Ukifika kwa Wes

Baada ya Grant Green au Burrell, rudi kwa yule aliyekushinda mwanzo. Solo nyingi za Wes zina ngazi tatu: anaanza na nota moja moja, anapanda kwenye oktavu (nota ile ile ya chini na ya juu zikilia pamoja), anamalizia kwa kodi nzito. Anajua kusubiri, na kila ngazi inapoingia unahisi chumba kimeongezeka ukubwa.

Oktavu zina maumbo mawili. Ukianzia uzi wa 6 au wa 5, nota ya pili iko nyuzi mbili chini na freti mbili mbele: uzi wa 6 freti ya 3 na uzi wa 4 freti ya 5, zote G. Ukianzia uzi wa 4 au wa 3, ni freti tatu mbele: uzi wa 4 freti ya 5 na uzi wa 2 freti ya 8, tena G. Uzi wa katikati unyamazishwe kwa ubavu wa kidole cha shahada. Gumba lipite nyuzi zote tatu kwa pigo moja, zilie mbili tu. Anza na melodi rahisi unayoijua, hata wimbo wa kwaya, kabla ya kujaribu mistari yake. Kisha nenda kwenye "Smokin' at the Half Note" ya mwaka 1965, akiwa na bendi ya watu watatu ya mpiga piano Wynton Kelly.

Hatua ya 8: Nyimbo, kwa moyo

Msamiati bila nyimbo haufai kitu. Anza na blues ya F jinsi watu wa jazz wanavyoipiga, kipimo kwa kipimo: F7, B fleti 7, F7, F7, B fleti 7, B diminishi, F7, D7, Gm7, C7, F7, C7. Tazama kipimo cha 9 hadi 11: Gm7, C7, F7 ni mwendo wa hatua ya 4 umehamia kii ya F. Kisha ongeza "Autumn Leaves", na baadaye "All the Things You Are" ya Jerome Kern ya mwaka 1939, ambayo inapita kii kadhaa na itapima kila ulichojifunza.

Kwa kila wimbo, melodi kwanza, na maneno yake ukiweza kuyapata. Usipige solo juu ya wimbo ambao huwezi kuuimba.

Jinsi ya kugawa saa moja

Dakika 15 kuimba kipande chako na rekodi, 20 kukikopi au kukichambua, 15 kuzungusha sentensi moja kwenye kii, 10 kupiga wimbo mmoja mwanzo hadi mwisho bila kusimama hata ukikosea. Siku ukiwa na nusu saa tu, punguza vyote ila kuimba usikuguse.

Hatua ya 9: Gwiji aliye hai

Siku hizi wapiga gitaa wakubwa wanafundisha kwa video, ana kwa ana, kwa malipo ya saa. Ni ghali kwa mifuko yetu, kwa hiyo usilipie saa hiyo kabla hujapita hatua ya 5 angalau mara mbili. Mwalimu wa kiwango hicho akikuta huna unachokijua kwa sikio, atakufundisha mambo ambayo rekodi ingekupa bure.

Nenda na jambo moja. Mpigie solo uliyoikopi, umwambie sentensi ipi hujaielewa. Usimuulize "nifanye mazoezi gani?" Muulize alimkopi nani akiwa kijana, na solo ipi. Mpiga gitaa Peter Bernstein alisoma kwa Jim Hall, Wes alimfuata Christian, Grant Green aliwafuata wapulizaji, na jina utakalopewa ndilo la kukaa nalo miezi inayofuata.

Omba ruhusa ya kurekodi. Omba pia mpige wimbo mmoja pamoja, yeye asindikize wewe upige solo, kisha mbadilishane. Anachofanya nyuma ya solo yako, akiwa anakusikiliza wewe na si rekodi, hutakipata kwenye albamu yoyote. Kesho yake anza kuimba kodi zake.